Barafu ya Siku ya Wakwe

Ipuli, Tabora
Septemba 1953

Kwa mdogo wangu Justus,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hukuniandikia, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne na hakuna hata mmoja ulioinama. Lakini kaka hahesabu shikamoo. Chukua hiyo marahaba uiweke sandukuni. Siku utakapoikumbuka shikamoo, utakuta imekwisha kujibiwa.

Hali yako huko Uvinza? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kimepoa, au bado unakohoa kila ukisoma somo kanisani? Na shemeji Josepha hajambo? Sisi huku miili mizima. Pelagia mke wangu analalamikia vumbi la mwezi huu, mimi nalalamikiwa na Pelagia. Mgongo wangu umeanza kulia kama mlango wa ghala, na tumbo limenitangulia kiasi kwamba nikienda mahali, watu hupokea tumbo kwanza ndipo wanisalimu mimi. Hayo ndiyo maradhi yetu, mengine ni ya moyoni.

Uliondoka Jumamosi asubuhi kwa gari moshi la Kigoma, ukasema umeitwa kazini, kwa hiyo hukuyaona ya Jumapili. Najua utakuwa umesikia vipande kwa abiria, na abiria wa reli yetu wakibeba habari kutoka Tabora, ikifika Uvinza imekwisha kuota mkia na pembe. Nimeona ni haki yako kuipata kwangu, nzima. Keti, ni ndefu kidogo.

Nianzie pale penye kidonda. Binti yangu Tekla, huyo huyo uliyemfundisha ishara ya msalaba kabla hajajua kushika kijiko, alipochumbiwa na Jilala, dresa anayefunga vidonda zahanati ya kule Sikonge, wewe ulikuwa wa kwanza kukasirika na hadi leo u peke yako. Pasaka ulisimama katikati ya sebule yangu, sahani ya wali mkononi, ukasema kwamba aliyebatizwa na Wakatoliki atazikwa na Wakatoliki, na kwamba akivuka kizingiti cha Wamoravian wewe si baba yake mdogo tena, na kama wewe si baba yake mdogo basi utahakikisha na hao wakwe si wakwe. Padri mwenyewe alikuwa amenung'unika tu, kisha akaomba aongezewe mchuzi. Nami nilikujibu vibaya, nikasema umefanywa karani wa chumvi ukadhani umefanywa askofu. Tukaachana hivyo, kila mtu na shingo yake.

Ndiyo maana ulipokuja juma lile la wakwe nilifurahi kama mpumbavu. Ulikuja na kifurushi cha chumvi ya Uvinza kwa Pelagia, kimefungwa kwenye kitambaa chenye miraba ya kijani, na Pelagia alipokisifu ulisema kimekatwa kwenye gauni kuukuu la Josepha. Ulikula kwangu. Ulimsalimu Tekla. Nikamwambia mke wangu kwamba damu imeshinda.

Sasa nikueleze ujinga wangu, ambao unaujua, lakini nafurahia kuueleza. Mzee Lugembe, baba yake Jilala, ni mzee wa kanisa kwao, pombe haigusi hata kwa kidole. Siku ya wakwe kuja kumaliza maneno, nyumba nyingine ingewapokea kwa mitungi. Mimi nikafikiri, mtu wa pombe nimwekee pombe, mtu asiyekunywa pombe nimwekee kitu gani kitakachomfanya arudi Sikonge akisimulia? Nikajibu mwenyewe: barafu. Ukwaju uliokolea sukari, ndani yake barafu inayong'aa kama kioo. Miaka yote hii nagandisha barafu ya hoteli na ya mabehewa ya wakubwa, sijapata hata siku moja kugandisha ya kwangu.

Wewe hukai kiwandani, nikukumbushe jinsi kazi yetu ilivyo, maana mambo yote yamo humo. Tuna tangi kubwa la chuma lenye maji ya chumvi. Maji hayo kwa ajili ya ile chumvi hayagandi upesi, ila yanapozwa na mabomba hadi mkono ukiyagusa unahisi umeungua. Ndani yake tunatumbukiza madebe marefu yenye maji matamu ya bomba, na baridi ya tangi inayagandisha. Maji yakiganda, Justus, hayataki mgeni. Yanaanzia pembeni mwa debe, yanakwenda ndani pole pole, na kila kisicho maji yanakisukuma mbele: hewa, chokaa, vumbi. Mwisho taka zote zinabanana katikati, unaona mstari mweupe kama uti wa samaki. Ukitaka barafu safi kabisa unaingiza kijibomba cha hewa kitikise maji muda wote, na kabla ya mwisho unayafyonza yale machafu ya katikati unatia mengine. Ni kazi ya kubembeleza. Nilimwomba tajiri wetu, yule Mgoa, akanipa debe moja kama zawadi ya harusi.

Na mimi, kwa majivuno, nikataka barafu yenye maua ndani. Tekla akakata mawaridi mekundu kwa jirani, akayafunga kwa uzi. Ijumaa nilipokuwa najaza debe, ukaja wewe na kikapu. Ulisema umemwonea huruma mtoto kutembea juani na maua, umeamua kuyaleta mwenyewe. Nilikutazama na suti yako ile, maua mkononi kama bwana harusi, nikajiambia ndugu yangu amelainika. Ukayazamisha kwa mkono wako. Nikakuuliza mbona yamekuwa manene na mazito, ukaniambia umetia kijiwe katikati yasielee. Nikakusifu kwa akili. Nakumbuka vizuri kwamba nilikusifu.

Mabruki alikuwepo akisikia. Unamjua Mabruki wetu, Mzaramo anayetunza mashine, jirani yangu na mtani wangu. Tangu babu zetu wabebe mizigo hadi pwani na babu zake wawakaribishe huko, Mnyamwezi na Mzaramo hawakasirikiani kwa maneno, hilo ni deni tulilorithi. Juma zima alikuwa akinichokoza. Alisema Wanyamwezi bwana, babu zenu walibeba pembe za watu kichwani miezi mitatu, leo nyinyi mmebeba maji magumu mnajiona mmestaarabika. Nikamwambia afadhali kubeba pembe kuliko kukaa ufukweni ukingoja mbeba pembe akununulie muhogo. Wewe ulikunja uso ukasema utani na Waislamu si wa Mkristo. Mabruki akakuomba radhi kwa heshima zote, kisha akakuuliza kama suti yako imeshonwa kwa ajili yako au marehemu alikuwa mnene. Ukaondoka.

Jumapili baada ya misa nikatoa lile debe. Justus, barafu ilikuwa nyeupe. Si mstari katikati, nyeupe yote, kama uji wa mtama uliopoa. Maua huyaoni. Na juu, kwenye uso wake, zilikuwa zimeota chembe nyembamba kama manyoya ya kifaranga, nyeupe kuliko unga. Uso wenyewe ulikuwa umelowa, haukauki kwa kufutwa, na baridi yake iliuma kuliko barafu ya kawaida. Nilipoichoma kwa mchokoo, kile chuma chetu chenye ncha, haikupasuka ikalia, mchokoo ulizama kama unachoma sukari guru. Mabruki alisema barafu hiyo imeota mvi kabla ya kuzaliwa. Nikamwambia ni hewa tu, kijibomba kilikuwa na nguvu mno, na weupe haumzuii mtu kuburudika. Mtu mwenye akili angeilamba. Lakini sisi watu wa barafu hatulambi barafu. Mikono yetu imelowa maji ya tangi kutwa nzima, midomo yetu ina chumvi hata tukiamka. Tukilamba kitu chochote tunalamba mikono yetu. Ni mwiko wa kazi, na mwiko huo ndio ulioniponza.

Nikavunja nusu, nikaiponda, ikaingia yote kwenye sufuria ya ukwaju. Nusu nyingine nikaifukia katika sanduku la unga wa mbao chini ya kibanda, kwa ajili ya kujazia baadaye. Tekla akakoroga.

Wakwe walikuwa wamejaa uani, wamevaa vizuri, wamefika kwa miguu kutoka kwa ndugu yao wa mjini walikofikia. Mzee Lugembe nikampa kikombe kwa mikono yangu miwili. Nikamwambia, baba, hiki hujapata kukinywa tangu uzaliwe. Na kweli hakuwa amepata. Alikunywa mara moja. Akakaa na kile kinywaji mdomoni, maana ni mtu wa adabu, hawezi kutema kwa watu, akakimeza, na nikaona machozi yakimsimama. Nyuma yake shangazi zake Jilala hawakuwa na adabu hiyo, walitema. Mzee akaweka kikombe chini, akauliza kwa sauti ya chini kama huku Ipuli hivi ndivyo mgeni anavyoambiwa aende kwao. Pelagia alionja sufuria, uso wake ukaniambia yote.

Hapo hakuna aliyefikiri barafu. Chumvi kwenye kinywaji ni kazi ya jikoni, na jikoni aliyekoroga ni mmoja. Shangazi mkubwa akasema waziwazi kwamba msichana asiyetaka kuolewa hana haja ya kusema, anatia tu chumvi badala ya sukari na wenye masikio watasikia. Akasema wao hawakuja kuomba msaada, na kama Wakatoliki wana binti wa kutukana watu, wabaki naye. Mama mmoja wa upande wetu akamjibu kwamba watu wanaokunywa maji matupu hadi harusini watajuaje utamu. Basi tena. Niliona watu wazima wakinyoosheana vidole juu ya sinia za pilau. Jilala alisimama katikati asijue amtazame nani. Waliondoka wote, chakula hakikuguswa.

Utanisamehe nikilisema hili wazi, maana ndilo lililokuwa linaniua: haikuwa aibu yangu. Mimi aibu nimeizoea, naivaa kila siku juu ya hili tumbo. Ni kwamba Alhamisi lori la wale wakwe lilikuwa linarudi Sikonge, na likiondoka na neno lile, mwanangu amekwisha. Toka hapa hadi Sikonge, na hadi Nzega kwa upande wa pili, angejulikana kuwa ni yule aliyewatilia wakwe chumvi. Nani angekuja kumposa tena? Tekla mwenyewe hakulia mbele yangu. Aliniambia, baba, kama ningemkataa Jilala ningemwambia kwa mdomo, sina haja ya kijiko. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, na hakutoka hadi kesho yake.

Jumatatu ndipo ule weupe uliponirudia kichwani. Nikakimbia mjini, nikamwangukia mzee Lugembe, nikamwambia mtoto hana kosa, chumvi ilikuwa ndani ya barafu, nusu bado ipo, aje aonje. Akaja na Jilala, kwa shingo upande. Nikafukua sanduku. Kipande kilikuwa kimepungua, lakini kipo. Mzee akavunja punje, akaitia kinywani. Akamtazama mwanawe, akampa naye. Kisha akaniambia kwa upole, upole mbaya kuliko ngumi, kwamba barafu hii ni tamu kama maji ya mvua. Akasema baba kumfunika mwanawe ni kazi njema, lakini asimfunike kwa barafu, itayeyuka. Nikaonja na mimi, mwiko nikautupa. Ilikuwa tamu, Justus. Nilisimama pale na maji yananichuruzika hadi kiwikoni, mwongo mbele ya watu na mbele ya nafsi yangu.

Jioni ile nilimfuata Mabruki. Nilikuwa natafuta mtu wa kumchukia, na yeye alikuwa karibu. Nilimwambia kwamba utani una mpaka, na kwamba kama alitia kitu katika debe langu, leo utani wa babu zetu umekufa. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akaniambia, Mnyamwezi, ningetaka kukutilia chumvi ningekutilia mbele ya macho yako na mbele ya wakwe zako, kisha ningedai kuku kwa kazi hiyo. Mtani hafanyi kisirisiri. Anayefanya kisirisiri mtafute kwa wasiokutania. Nilirudi nyumbani na maneno hayo yamenikaa kama mfupa kooni.

Jumanne asubuhi Pelagia akanipigia kelele nimfukuze mbuzi wa Mabruki, yuko kibandani anakula unga wa mbao. Nikatoka na fimbo. Yule mbuzi alikuwa chini ya sanduku langu, hali, analamba. Analamba ule unga uliolowa, pale maji ya barafu yalipochuruzika tangu Jumapili, anaulamba kama analamba sukari, nikimpiga anarudi. Mbuzi wetu tangu masika hawajapata chumvi. Nikapiga magoti, nikachukua unga kidogo, nikaulamba mimi na mbuzi pamoja. Mungu anajua nilionekanaje, nimeinama na tumbo langu kando ya beberu. Lakini ilikuwa chumvi tupu.

Basi nikaelewa. Maji ya chumvi yanapoganda, yale maji yanaikataa chumvi kama yanavyokataa kila mgeni, ila ikiwa nyingi mno hayawezi kuisukuma yote nje, inanaswa humo humo katika vijitundu vyembamba kama mirija ndani ya bua la mtama. Nyingine inapandishwa juu, inatoka na yale manyoya meupe. Ndiyo maana uso ule haukukauka, ndiyo maana mchokoo ulizama. Ukiionja siku hiyo utatema. Lakini ukiiacha ikae mahali pa joto, vijitundu vinafunguka, chumvi inashuka na kutoka chini kabla ya barafu yenyewe kwisha, na kinachobaki kinakuwa maji matamu. Mzee Lugembe hakudanganyika. Alionja tu siku iliyochelewa.

Nikagandisha debe jingine, na safari hii nikatia chumvi kwa makusudi. Lakini barafu haina haraka, na Alhamisi asubuhi lori lilikuwa limekwisha kupakiwa. Nani aliyelizuia? Mabruki. Alikwenda akalala mbele ya gurudumu, katikati ya barabara, kwa sauti kubwa akasema wao Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi wote hadi wa Sikonge, na kwamba hapiti mtu hapo hadi mzee Lugembe amlipe jogoo kwa kumtukania baba yake mwezi uliopita kwenye ndoto. Dereva alipiga honi hadi akachoka. Mzee Lugembe alishuka amekasirika, akatazama chini, na hasira haikupata mahali pa kukaa, maana mtani amelala na mtani hakasirikiwi, hata na mzee wa kanisa. Watu wakacheka. Alipocheka mwenyewe, nikafika mimi na mkokoteni wenye barafu.

Nikaiweka juu ya miti miwili, chini nikatega karai. Mzee akalamba manyoya ya juu, akatema pale pale bila adabu yoyote, nami sijapata kufurahia mate ya mtu hivyo. Tukakaa kivulini. Shangazi mkubwa aliweka kiti chake mbali akisema hana haja na uganga wa Wakatoliki. Karai likajaa kidogo kidogo. Alasiri tukaonja ya karai, ilikuwa chungu kwa chumvi; tukaonja kile kipande kilichobaki, kilikuwa maji ya mvua. Shangazi aliomba aonje mara ya pili, kisha ya tatu. Mzee Lugembe akainuka, akasema anataka kumwona binti yake. Hakusema binti yako. Alimwambia Tekla kwamba amemkosea, na Tekla, ambaye ni mtoto wangu kweli, akamuuliza kama sasa angependa ukwaju.

Wamefunga ndoa Jumamosi iliyopita huko Sikonge. Mahali pako, penye kujibu kwa niaba ya ukoo kwamba binti anatolewa kwa ridhaa, alisimama Mabruki. Naam, Mwislamu wa Kizaramo na kofia yake, katika kanisa la Wamoravian, akimtoa Mkatoliki. Alijibu kwa heshima kuliko ulivyopata kujibu wewe maishani. Tekla aliuliza uko wapi. Nilimwambia kazi.

Sasa nifike kwenye jambo nililoandikia barua hii. Siku ile ya karai mzee Lugembe aliniuliza chumvi iliingiaje katika debe la kwanza. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba debe lilikuwa limetoboka, maji ya tangi yakapenya, na kosa ni langu mimi fundi kwa kutolikagua. Ulikuwa uongo. Maji ya tangi letu yana kutu, ni ya rangi ya chai, barafu ile ingekuwa ya manjano. Mabruki anajua. Alinitazama akanyamaza, na Mzaramo akinyamaza ni jambo zito. Tajiri naye alisikia, akasema fundi asiyejua debe bovu hafai kusimamia madebe. Siku hizi nasukuma mkokoteni wa barafu hadi stesheni, na hilo tumbo linasaidia kusukuma.

Nilidanganya kwa sababu asubuhi ile ile ya mbuzi nilikuwa nimeifukua ile nusu ya kwanza mpaka chini. Ilikuwa imebaki kama ngumi, waridi limechomoza. Uzi wa Tekla haukuwepo. Maua yalikuwa yamefungwa upya kwa katani, fundo lako, lile lile alilotufundisha baba la kufungia mizigo. Nikalifungua nitafute kile kijiwe. Hakikuwepo kijiwe. Kilikuwepo kimfuko kitupu kilichoshonwa kwa mkono, kitambaa cha miraba ya kijani.

Nilikaa nacho pale kando ya mbuzi. Ningeweza kumpelekea mzee Lugembe hicho kimfuko tu, nisihitaji karai wala debe la pili. Nafasi yangu kazini ingekuwa salama. Lakini ningempeleka Tekla Sikonge akiwa mwanamke ambaye baba yake mdogo alimtilia chumvi katika maua yake ya siku ya wakwe, na shangazi yule angelitumia neno hilo kila siku uji ukiungua. Nikaona heri waseme baba yake ni fundi mbovu. Usije ukadhani nilikuficha wewe. Nilimkinga Tekla; wewe ulikuwa umesimama tu ndani ya kivuli hicho hicho.

Ulikuja na maua mkononi, Justus. Chuki ya Pasaka niliielewa, ulinipa usoni nami nikakurudishia. Lakini ulikula chakula changu siku tatu, ukamchukulia mtoto maua yake kutoka mikononi mwake, ukaniacha nikusifu. Ungeniambia hadharani kwamba humtaki Jilala, tungegombana mpaka uzeeni kama watu.

Pelagia hajui. Bado anatia ile chumvi yako kwenye mboga na kukuombea usiku kabla ya kulala. Mimi siku hizi nakula mboga bila chumvi, nasema ni amri ya dresa. Tekla hajui, na hatajua kwangu. Mabruki sijamwambia, lakini juzi aliniuliza ile suti ya marehemu itarudi lini Tabora, nikamwambia haitarudi. Na hilo ndilo neno langu kwako: Krismasi usije. Pasaka usije. Nikifa, utaambiwa.

Ndani ya bahasha utakuta kile kimfuko. Nimekifua, hakina kitu. Kimrudishie Josepha, ni gauni lake, na akikuuliza kilikuwa cha nini mwambie wewe, mimi nimekwisha kudanganya vya kutosha kwa ajili ya mwaka huu. Ile barafu ilikaa chini ya kibanda siku mbili ikatoa chumvi yake yote yenyewe. Mimi naandika hii ni juma la tatu, na nimejionja asubuhi hii. Bado chumvi.

Nisalimie shemeji Josepha kwa moyo wangu wote, na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Waambie baba yao mkubwa anawakumbuka.

Ndimi kaka yako,

Damas